Makonyo

Ripoti imeteremka saa mbili na robo asubuhi,
ghorofa ya pili, Chake, feni imekwama mwendo wa kwanza.
Mistari elfu na mia nne. Karibu nusu yake vichwa.

Mtambwe. Jina, Kilo, Daraja, Malipo.
Watu watatu, vistari, Jumla Ndogo, mstari mtupu.
Piki. Jina, Kilo, Daraja, Malipo.
Mtu mmoja. Vistari.
Finya. Jina, Kilo —
kama mgeni aliyekwisha kuingia ndani
na kila chumba anachofika anapiga hodi upya.

Bwana Mbarouk mlangoni, chai ya rangi mkononi:
"Salhina, Unguja wanataka jadweli safi.
Kichwa kimoja juu kinatosha. Vyengine vyote kata."

Nikaanza kwa mkono.
Chagua mstari, futa. Chagua, futa.
Nilipofika wa thelathini nikaitambua mikono yangu:
inaijua kazi hii tangu haijajua kuandika.
Usiku wa msimu, jamvi, taa ya chemni,
kichala kiganjani, unakisokota kidogo,
karafuu huku, makonyo kule.
Mama hakuwa akitazama mikono yake.
Alikuwa akitazama yetu.
Akikuta konyo katika karafuu hasemi kitu.
Akikuta karafuu katika makonyo, hapo ndipo utakapomsikia.

Lakini mie nimesoma, na mchana una haraka.
Nikaiandikia mashine kanuni moja:
penye namba katika safu ya Kilo pana mtu;
pasipo na namba, ondoa.
Nikabonyeza.
Mpeto mmoja tu wa ungo,
jadweli likabaki jeupe, limenyooka,
majina mia nane na kumi.
Nikajisifu peke yangu, kimoyomoyo.

Kisha nikajumlisha.
Pungufu kilo sita na robo.

"Sita na robo si kitu," Bwana Mbarouk akasema,
"hilo ni vumbi la mizani."
Pengine. Ila vumbi halina robo.

Nikafungua faili la mwanzo, nikashuka nalo kwa kidole
kituo kwa kituo, mpaka Mgagadu,
nikamkuta baina ya vistari na Jumla Ndogo:
Mize Kombo Shaame, daraja la pili,
na kwenye kilo, karani wa kituo,
sijui kwa uvivu, sijui kwa heshima,
ameandika kwa maneno: sita na robo.
Hakuwa na namba. Mashine ikamdhani kichwa.

Bi Mize simjui. Sita na robo naijua.
Ni mikarafuu miwili mizee.
Ni siku nne za kuanika, jicho moja liko kwenye wingu,
na kuzianua mbio mara tatu
kwa manyunyu yaliyokuwa ya uongo.

Nikaanza upya. Safari hii, kabla ya kukata,
nikafungua safu mpya kushoto, nikaiita Kituo,
nikaliteremsha jina la kila kichwa ubavuni mwa watu wake:
Mgagadu, Mgagadu, Mgagadu,
hata kila mmoja akawa na kwao.
Ndipo nikavikata.
Na sikuvitupa, vimelala ukurasa wa pili.
Makonyo nayo yana lori lake, yana kiwanda, yana mafuta.

Saa kumi nikaipeleka.
Unguja wakajibu neno moja: Imefika.

Kimebaki kimoja, sijakipatia pahala.
Ziwani. Jina, Kilo, Daraja, Malipo,
na chini yake hapana mtu.
Sijui mvua, sijui barabara,
sijui mizani yao ilikufa mwezi mzima.
Safu yangu ya Kituo haikuwa na wa kumshika.
Katika jadweli safi Ziwani haipo,
wala jumla haikupungua hata chembe.

Bwana Mbarouk ameshafunga ofisi yake.
Mie nimekaa, nakitazama kichwa hicho.